Jiwe la Gurudumu la Nyuma

Mshumaa ulikataa kuzimika, na jambo hilo lilimuudhi Mwasiti Alimasi.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya garaji, shavu karibu liguse saruji, mkono mmoja umeshika waya mrefu. Mwisho wa waya kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mshumaa. Alikuwa ameuteremsha polepole ndani ya lile shimo ambamo mafundi husimama kutengeneza gari kwa chini. Mtoto yeyote wa Goma atakueleza habari ya mazuku, ile hewa mbaya isiyo na rangi inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini. Mbuzi akiingia humo hatoki, na moto ukiingia unakufa. Sasa mshumaa ulikuwa umefika chini kabisa, pale pale ilipokutwa mifupa ya mtu juzi, na moto wake umesimama wima, wala hauna habari.

"Papa Havu," alisema bila kuinuka, "ni nani alikuambia humu kuna mazuku?"

"Patron, tajiri yangu. Papa Barthélemy." Fundi Havugimana alijibu kutoka upande wa pili wa gari. Hakusogea, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwenye meza ya chuma ya kazi. "Siku ya kwanza kabisa. Alisema, fanya kazi yote, lakini hii fosse, hii shimo, usiifungue hata siku moja, itaua batu. Njo maana nililala chini ya gari miezi kumi na ine, juu ya karto, mafuta inanidondokea mu macho."

"Na hukupima?"

"Mama, ni nani anapima mazuku? Ukiambiwa iko, unakaa mbali."

Mwasiti aliinuka, akajipangusa vumbi kwenye kanga, akaandika kwenye daftari: *Shimo: hakuna mazuku. B. alisema yapo.* Miaka kumi na tisa alikuwa OPJ, mpelelezi wa polisi mwenye muhuri na ofisi. Kisha mji ukaingia mikononi mwa wakubwa wapya, ofisi ikafungwa, na muhuri ukabaki kwenye mkoba pamoja na funguo za milango ambayo haikuwa yake tena. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, benki zimefungwa, na yeye mwenyewe hakuwa na karatasi ya kumvusha kizuizi chochote. Lakini watu hawakuacha kufa ati kwa sababu ofisi imefungwa, na familia ziliendelea kumwita.

Safari hii aliitwa na bibi mzee wa hapo uani, Mama Béata, saa mbili asubuhi. "Saa sita wale wakubwa banakuja kumuchukua Havu," alimwambia. "Na kule banamupeleka, umeshaona mutu anarudi?" Mwasiti hakuwa ameona. Sasa ilikuwa saa nne na robo.

Acha nikueleze hiyo garaji, maana bila kuielewa hutaelewa kitu. Januari elfu mbili na mbili, mlima ulipopasuka na moto ukashuka hadi katikati ya mji, ule mto wa mawe ulipita hapa mtaani Mapendo. Ukaizunguka garaji hii mbele, nyuma na kushoto, ukapoa, ukawa ukuta mweusi mzito kuliko ukuta wa gereza. Lango kubwa likazikwa. Paa likapona. Upande wa kulia palikuwa na stoo ya maharagwe ya Barthélemy, na yeye alisema kwamba mwaka jana tu, mwezi wa tatu, ndipo alipotoboa ukuta wa stoo akaweka mlango wa chuma. Mtu anapita. Gari halipiti. Watu waliingia humo na kutoka, ila gari lilikuwa mfungwa mwaka wa ishirini na ngapi sijui.

Na gari lenyewe! Pontiac GTO ya mwaka sitini na sita, nyekundu, pua ndefu, taa za mbele zimepangwa mbili mbili juu na chini, mashine ya silinda nane na kabureta tatu kwa mstari. Ililetwa na mkulima mmoja wa kahawa, Mgiriki, zamani za Zaire, kisha ikawa ya Muzee Niyonsenga, kaka mkubwa wa Barthélemy na mume wa Béata. Muzee aliipenda kupita kiasi. Siku ya moto alirudi ndani kufuata funguo zake, ndivyo ilivyosemwa, na hakuonekana tena. Familia ikakaa matanga mwezi wa pili bila maiti. Juzi ndipo mnunuzi mmoja wa mbali alipoomba picha ya gari kwa chini. Havugimana akalisukuma mbele kwa mikono ili apate mwanga, na mbao zilizofunika shimo zikaonekana vizuri. Ubao mmoja ulikuwa umeoza. Chini yake palikuwa na mifupa, na kidole kimoja bado kina pete ya ndoa yake na Béata.

"Uliwaita watu wewe mwenyewe?" Mwasiti aliuliza.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Kiisha banasema ni mimi niliua." Fundi alikuwa mtu wa miaka sitini, mwembamba, ndevu nyeupe zenye grisi. "Banasema, ile gari ilikuwa juu ya fosse, basi mutu aliiweka pale kufunika maiti. Na batu benye walijua kuendesha ile gari tulikuwa babili tu: muzee na mimi. Muzee njo maiti. Nabaki nani?"

Hesabu nyepesi, na wakubwa wa saa sita wangeikubali bila kuuliza. Mwasiti akaanza kuzunguka.

Kuta za ndani zilikuwa zimejaa misumari, na kila msumari umening'inizwa kitu chenye kipande cha karto na maandishi ya kalamu. Gaskiti zilizokatika. Waya zilizotafunwa na panya. Hata kiota cha panya chenyewe, *siège arrière, kulia*, yaani kiti cha nyuma. Skurubu zimepangwa kwenye masanduku ya mayai. Kila kitu kilichotoka kwenye gari kilikuwa na jina, mahali na tarehe.

"Hii yote ya kazi gani?"

"Origine, mama." Kwa mara ya kwanza uso wa fundi ulichangamka. "Mununuzi anataka gari vile ilitoka fabrike. Namba ya moteur ilingane na ya chassis, na inalingana, niliikwangua mimi mwenyewe nikaisoma. Rangi ile ile, skurubu zile zile. Sasa mimi niko na sheria moja. Kitu yote yenye unatoa, unaiandika na unaichunga. Mwanzoni hujui ni nini itakuja kuwa ya maana."

"Hata jiwe?"

Rafuni, kati ya pampu ya maji na kioo kilichopasuka, kulikuwa na jiwe jeusi la ukubwa wa mkate, nalo lina karto yake: *Roue arrière gauche, kizuizi. 11 mars.*

"Eh, bajirani wote walinicheka sababu ya ile jiwe," alisema Havugimana. "Goma mawe iko mingi kupita batu, na miye naiwekea etiketi! Lakini njo ilikuwa nyuma ya mupira. Angalia picha."

Picha ya siku ya kwanza ilikuwa imebandikwa ukutani, imechapwa kwa rangi, ili fundi asisahau gari lilivyokuwa. Ilionyesha gari lililojaa vumbi zito kama unga, matairi yameoza na kukaa chini, na nyuma ya gurudumu la kushoto lile jiwe, nalo limefunikwa vumbi hilo hilo. Kando yake amesimama Barthélemy katika koti jeusi, mkono juu ya gari, anatabasamu.

"Kwa nini kizuizi? Gari halikuwa na breki ya kuegesha?"

"Kamba yake ilikatika zamani, na hii chini inateremuka, ona, inateremukia kwa fosse. Lakini muzee hakutumia jiwe hata siku moja! Alikuwa na muti yake." Akaonyesha kwa kidevu. Karibu na mlango, kwenye msumari wenye kutu, kulikuwa na kabari ya mkaratusi, nyeusi kwa mafuta, ina kamba ya kuishikia. "Tulimaliza kuegesha, tunaweka muti. Tunaondoka, tunairudisha ku musumari. Miaka kumi na mbili. Nilipoingia mwaka jana niliikuta pale pale."

Mwasiti alilichukua jiwe kwa mikono miwili. Lilikuwa na matundu matundu kama mawe yote ya hapa, na katika matundu ya upande mmoja raba iliyooza ilikuwa imegandamana. Akaligeuza. Akalipeleka chini ya balbu, akaligeuza tena. Halafu akalitua chini taratibu na kuandika mistari mitatu.

"Nini, mama?"

"Nielezee vile ulikuta ndani ya gari. Siku ya kwanza. Kila kitu."

Havugimana alifumba macho na kusoma kichwani kama mtu wa sala. "Funguo iko ku contact, imezungushwa, ON. Batri imekufa. Vitesse iko neutre, gia haikushika. Tanki kavu, hakuna hata tone. Na hiyo ilinishangaza, juu siku ya volkano asubuhi nilijaza tanki mimi mwenyewe."

"Na wewe jioni ile ulikuwa wapi?"

"Gisenyi, kwa miguu, na mama yangu ku mugongo. Toka pale Rutshuru. Nilirudi huku mwezi wa saba, na nilikuta lango limezikwa."

Mlango wa chuma uligonga ukuta. Mama Béata aliingia na kikombe cha chai ya fundi, mwembamba, kitenge kimefungwa hadi kifuani. Hakulitazama gari. Watu wa avenue, mtaa ule wote, walisema kichwa chake hakikuwa sawa tangu matanga, na Barthélemy alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

"Mama Béata, walisema uliugua baada ya matanga. Uliugua nini?"

Bibi alimpa fundi chai kwanza. "Nilisikia gari yake," alisema. "Matanga ilikuwa imeisha wiki mbili. Niko nafua, mchana, nikasikia *vum, vum, vum*. Mara tatu. Kila siku akifika nyumbani alifanya vile, mara tatu, ili nijue kuweka chungu ku moto. Basi niliweka chungu. Nilipika sombe na ugali." Akakaza kitenge kifuani. "Gari iliendelea kunguruma mpaka karibu ya magaribi, kiisha ikanyamaza yenyewe. Niliwaambia batu. Barthélemy akasema, mumuone, anapikia maiti. Wakanipeleka kuniombea siku arobaini."

"Na hukusikia tena?"

"Hata mara moja."

Mwasiti alimgeukia fundi. "Tangu utengeneze moteur, umeshaiwasha?"

"Bado. Tulipanga Jumamosi. Mafuta iko, litre tano, na batri ni mupya. Lakini bado."

Saa tano na nusu Barthélemy akaja mwenyewe, kola nyeupe, viatu vinang'aa, funguo nyingi kwenye pete moja. Alimwambia shemeji yake kwa upole akapumzike nyumbani, na Béata akatoka. Kisha akamsalimia Mwasiti kwa heshima zote.

"Mama OPJ, tunakushukuru. Lakini hii mambo imeisha. Wakubwa wanakuja."

"Dakika chache tu, papa. Nikuulize, unaendesha gari?"

"Mimi?" Barthélemy alicheka. "Hata piki sijui. Uliza avenue nzima."

"Nimeuliza. Wote wanakubali." Mwasiti akaokota jiwe na kuliweka juu ya pua ya gari.

"Rangi, mama! Rangi!" alilia Havugimana, mnyororo ungali mguuni. Jamani, mtu anangoja kupelekwa kusikorudiwa na bado analilia rangi! Mwasiti akaomba msamaha, akatandika kanga chini ya jiwe.

"Papa Barthélemy, hii jiwe iko mu picha yako. Umeisimamia karibu. Iko na vumbi ya miaka, basi hatuwezi kusema fundi aliileta juzi. Sasa ona hapa." Aligeuza jiwe. Upande wa chini, katikati ya weusi, kulikuwa na kichwa cha msumari, kipana na kilichopinda kama mwavuli mdogo. Shina lake lote lilikuwa limezama ndani ya jiwe, limeokwa nalo. "Hii ni nini?"

"Musumari."

"Ya mabati. Moto ya mulima inameza musumari ya mabati ikipita wapi?"

Barthélemy alizungusha pete ya funguo kidoleni.

"Ikipita juu ya manyumba. Mawe yetu ya zamani ilishuka wakati hapa hakuna hata bati moja. Hii jiwe ilizaliwa siku ile ile muzee alipotea, na siku ile ilikuwa bado ni uji ya moto. Hakuna mutu aliishika kwa mukono na kuiweka nyuma ya mupira. Ilipoa kwanza. Basi gari iliwekwa juu ya fosse kiisha ya volkano, wakati wewe unasema garaji ilikuwa imezikwa na hakuna mutu anaingia."

"Mulima ulipasuka tena vingt-et-un, mwaka wa ishirini na moja," Barthélemy alisema haraka. "Moto ilifika Buhene, ikakula manyumba. Jiwe inaweza kuwa ya pale."

"Sawa kabisa. Basi kuna mutu aliingia humu vingt-et-un. Na mlango, unasema uliutoboa mwaka jana. Uchague mwaka yenye unapenda, papa. Yote inapitia mu stoo yako."

Kola nyeupe ilianza kulowa. Mwasiti hakumpa nafasi.

"Mulisema ni dereva alifanya hii kazi. Miye nasema dereva hangeweza kuifanya vibaya vile. Dereva angezima contact. Angechukua ile muti ku musumari, mbele ya macho yake. Aliyefanya hii hakujua gari. Aliona iko neutre, akaisukuma nyuma, chini ikamsaidia, akaogopa itaendelea, akatoka kushika jiwe ya kwanza aliyoona. Tanki ilikuwa imejaa, tunaikuta kavu. Moteur ilitembea humu ndani mpaka mafuta ikaisha, na milango yote imefungwa. Muzee alirudi kufuata gari yake kiisha ya matanga, njo vile? Akakuta amekwisha zikwa na stoo iko na mwenyewe mupya. Ukamufungulia aione. Akaketi, akawasha, na wewe ukafunga. Moshi ikamuua, kiisha ukamutumbukiza mu fosse na kuweka gari juu yake."

Barthélemy alitazama saa yake, kisha akatazama mnyororo wa fundi, kisha mlango. "Wakubwa watakuja saa sita," alisema. "Nitawaambia muko babili." Alikuwa karibu na mlango kuliko Mwasiti, na kwa umri wake alikwenda upesi. Chuma kikagonga chuma. Komeo likapita, kufuli likalia, halafu ikasikika kwa nje sauti ya magunia ya maharagwe yakiburutwa na kuegemezwa mlangoni, moja, la pili, la tatu.

Mwasiti aliusukuma mlango kwa bega mara nne. Alipiga kelele. Akatoa simu, na simu haikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao ndani ya mawe yale. Balbu ikazimika, maana swichi ilikuwa stoo. Mwanga uliobaki ulipita kwenye upenyo chini ya paa, upana wa kiganja. Saa sita kasoro dakika kumi na nane.

"Mama," Havugimana alisema gizani, "anatuzika sawa na muzee."

"Nyamaza kwanza. Hii gari inaweza kuwaka?"

Mnyororo wa fundi ulilia sakafuni. "Moshi itatuua. Uliona vile ilifanya muzee."

"Dakika ngapi?"

"Tatu. Labda ine. Kiisha tunazima, ata kama hakuna mutu anakuja."

Mnyororo ulimfikisha fundi mbele ya gari tu, haukumfikisha kwenye usukani. Basi Mwasiti aliingia yeye. Baba yake alikuwa dereva wa lori Kindu, na mguu wake wa kushoto ulijua pa kwenda. Havugimana alifunua boneti, akamwaga petroli kidogo kwa kifuniko cha chupa kwenye kabureta ya kati. "Pole pole. Washa."

Mashine ilizunguka, ikakohoa, ikafa. Wakajaribu tena. Ilikohoa zaidi, ikatema moto wa buluu uliomchoma fundi ndevu, ikafa. "Mungu wangu, usituaibishe," alinong'ona Havugimana, na Mwasiti hakujua kama alikuwa anaongea na Mungu au na gari. Akazungusha ufunguo mara ya tatu.

Silinda nane zikashika. Sakafu ikatetemeka, makaratasi yakadondoka ukutani, vumbi la miaka likateremka kutoka mabatini. Mwasiti alikanyaga mafuta hadi mwisho na kuachia. Akakanyaga na kuachia. Akakanyaga na kuachia. Mara tatu. Akahesabu hadi kumi, akarudia. Dakika ya pili macho yakaanza kuwaka. Dakika ya tatu fundi aliinama akitapika, akainua mkono kumwambia azime. Mwasiti alikanyaga mara tatu za mwisho, kisha akazima, akalala sakafuni kutafuta hewa.

Hakukusikika kitu, isipokuwa chuma kinachopoa kikilia taratibu.

Halafu, nje ya mlango, sauti ya bibi mzee. "Barthélemy. Fungua."

"Shemeji, rudi nyumbani. Ni kichwa yako tena."

"Basi uwaulize hawa." Sauti ya Béata ilipanda, ya mtu anayegeukia wengine. "Bajirani! Mumesikia?"

"Tumesikia, Mama Béata!" Zilikuwa sauti nyingi, za wanawake wa sokoni, za vijana wanaosukuma chukudu za mbao zenye mizigo, stoo ilijaa. "Tumesikia mara tatu!"

"Ni mimi peke nimesikia?"

"Hapana, mama! Avenue yote!"

Magunia yakaanza kuondolewa, na si Barthélemy aliyeyaondoa. Funguo zake zilichukuliwa mkononi mwake mbele ya watu wote. Mlango ukafunguka, moshi ukatoka, na hewa ikaingia. Ufunguo wa mnyororo ulikuwa kwenye pete ile ile, na mguu wa Havugimana uliachiliwa saa sita kasoro dakika tano. Barthélemy alibaki amekaa juu ya gunia, wanaume wamemzunguka, na Mwasiti, akikohoa, alitoka na jiwe limefungwa kwenye kanga yake ili awangoje wakubwa barabarani, mbele ya mashahidi.

Béata hakumtazama shemeji yake. Aliingia garajini, akasimama mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya chuma ambacho bado kilikuwa cha moto.

"Nilisikia," alisema. "Ile siku nilisikia, na nilipika. Nilikungoja mpaka chakula ikapoa."